Mazoea ya chakula ya wanyama walao mimea

Mazoea ya chakula ya wanyama walao mimea ni upendeleo au chuki ambayo mnyama kama mbuzi, kondoo, ng'ombe au mbega hujenga kuhusu mimea mbalimbali. Maumbile ya mdomo, meno na tumbo humwekea mnyama mipaka ya anachoweza kula, lakini ndani ya mipaka hiyo mengi hujifunza. Elimu hiyo ni muhimu kwa sababu mimea hutofautiana kwa virutubishi na sumu, na hata mmea mmoja hubadilika kadiri unavyokua.

Kujifunza kwa mama na wenzake

Ladha za vyakula alivyokula mama humfikia mtoto akiwa bado tumboni, na baadaye kupitia maziwa. Mtoto anapoanza kula majani humfuata mama na kuonja anachokula yeye. Akikua huiga pia wenzake wa kundi.

Mfano mmoja unapatikana Unguja. Kima punju wanaoishi kwenye mashamba jirani na msitu wa Jozani hula makaa ya kuni. Majani ya miembe na mikungu wanayoyala yana protini nyingi, lakini pia yana kemikali zinazoweza kudhuru, na makaa huzinasa kemikali hizo. Thomas Struhsaker na wenzake walieleza tabia hiyo mwaka 1997. Inaelekea watoto huipata kwa mama zao.

Kujifunza kwa tumbo

Mwaka 1955 John Garcia wa Marekani alionyesha kwamba panya waliokunywa maji yenye ladha tamu na kuugua kwa mionzi waliyakwepa maji hayo baadaye. Fred Provenza wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah na wenzake walichunguza jambo hilo kwa mifugo. Kondoo au mbuzi akila chakula kisha akapata kichefuchefu, hukichukia. Akishiba vizuri na kupata nguvu, hukipenda. Akiugua baada ya kula vyakula kadhaa, kwa kawaida hukilaumu kile kigeni. Ndiyo maana mnyama huonja chakula kipya kidogo kidogo.

Njia hii ina udhaifu wake. Sumu ya aina ya kangaga iitwayo Pteridium aquilinum hudhuru ng'ombe baada ya kuliwa kwa wiki nyingi au zaidi. Madhara yanapochelewa hivyo, mnyama hawezi kuyahusisha na mmea alioula.

Umuhimu wake katika Milima ya Usambara

Katika wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga, watu ni wengi na mashamba yako kwenye miteremko mikali. Tangu miaka ya 1980 mradi wa SECAP, uliosaidiwa na Ujerumani, ulihimiza ufugaji wa bandani na upandaji wa majani ya gwatemala kwenye kontua ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wafugaji hukata majani hayo, pamoja na majani ya tembo, mabua ya mahindi na mabaki ya migomba, na kuwapelekea mifugo.

Mnyama wa bandani hachagui malisho; mfugaji humchagulia. Kwa hiyo mambo haya hufaa kuzingatiwa:

- Malisho mapya, kama majani ya kaliandra yenye tanini, huanzishwa kwa kiasi kidogo yakichanganywa na yaliyozoeleka.
- Ndama na wana-mbuzi huonjeshwa malisho hayo mapema, wakiwa pamoja na mama zao.
- Mnyama aliyenunuliwa mbali huenda haijui mimea ya mahali hapo. Akifunguliwa akiwa na njaa, anaweza kula mmea wenye sumu kama Lantana camara, unaodhuru ini.
- Mnyama anapokataa majani ghafla, mfugaji huchunguza kwanza kama yameoza, yameota ukungu au yamepuliziwa dawa, kabla ya kumlazimisha kwa njaa.
- Kangaga hutolewa kabisa katika mzigo wa majani, kwa kuwa mnyama hawezi kutegemewa kuikataa mwenyewe.