Bunduki ya Umeme Si Silaha Isiyoua

Kila maandamano ya Kenya yanapoishia mochari, swali hurudi lile lile: kwa nini askari wetu wasipewe silaha za kumwangusha mtu bila kumuua? Kericho na Bomet swali hili linawahusu sana. Mei 2023 watu wenye hasira walivamia mashamba ya ekaterra, kampuni iliyoyarithi mashamba ya Unilever, wakateketeza mashine za kuchuma chai wakisema zimewapokonya riziki. Polisi walipelekwa, kampuni ikasimamisha shughuli kwa muda, na vyombo vya habari vikaripoti kifo cha mwandamanaji mmoja na majeruhi kadhaa, polisi wakiwa miongoni mwao.

Silaha inayopendekezwa mara nyingi ni ile inayojulikana duniani kwa jina la kibiashara, Taser. Wengine huiandika teza, wengine husema tu "kile kitu cha shoti". Mimi naiita bunduki ya umeme, na jina lenyewe la Taser linaniunga mkono. Mbunifu wake, Mmarekani Jack Cover, aliyekuwa mtafiti wa NASA, aliliunda katika miaka ya 1970 kutokana na herufi za kwanza za maneno yenye maana ya "bunduki ya umeme ya Thomas A. Swift". Swift ni shujaa wa hadithi za vijana, na katika kitabu kilichotoka mwaka 1911 anakuja Afrika kuwinda tembo kwa bunduki hiyo, kisha anaielekeza pia kwa watu aliowakuta huku. Msomaji wa Afrika ana haki ya kulijua hilo kabla hajauziwa silaha yenye jina hilo.

Inafanyaje kazi? Askari akifyatua, gesi iliyoshindiliwa hurusha vishale viwili vilivyofungwa kwenye nyaya nyembamba. Vikinasa mwilini, umeme hupita kati yake kwa mapigo mafupi mno, kama 19 kwa sekunde katika toleo la X26 lililoenea sana miaka iliyopita. Mapigo hayo huziteka neva zinazoendesha misuli. Misuli hukaza kwa pamoja na mtu huanguka kama gogo: anasikia, anaona, lakini mkono haumtii hata wa kujikinga uso. Akifyatua mara moja, umeme huenda kwa sekunde tano. Volti 50,000 zinazotajwa kwenye matangazo huwatisha watu bure, kwani kinachoumiza zaidi ni wingi wa mkondo, na mkondo wa silaha hii ni mdogo. Stima ya nyumbani ina volti 240 tu, na inaua.

Umbo lake ni la bastola, kwa hiyo anayesema bastola ya umeme hakosei. Nimechagua bunduki kwa sababu neno hilo lina uzito wake kituoni. Bunduki hutolewa kwa saini na hurudishwa kwa saini, na risasi zake huhesabiwa. Kitu kikiitwa kifaa, hupoteza heshima hiyo na kuwekwa kabati moja na tochi.

Liko jambo la pili ambalo neno shoti hulificha. Silaha hiyo hiyo inaweza kubanwa moja kwa moja kwenye ngozi bila kurusha vishale. Ikitumika hivyo haikazi misuli yote wala haimwangushi mtu. Inamuumiza tu, na anayeumizwa mara nyingi ameshakamatwa. Hapo haistahili tena kuitwa bunduki. Imekuwa rungu la umeme, na shahidi anayeeleza alichokiona aulizwe wazi: ulirushiwa vishale au ulibanwa? Mwaka 2007 Kamati ya Umoja wa Mataifa Dhidi ya Mateso, ikijadili ununuzi wa X26 nchini Ureno, ilisema maumivu yake makali ni aina ya mateso na kwamba silaha hiyo inaweza hata kuua. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017. Wakili atakayeitumia atahitaji maneno yanayotenganisha matendo haya mawili.

Neno linalonitia wasiwasi kuliko yote ni lile la kundi zima: silaha zisizoua. Hulisikia redioni, hulisoma magazetini, na ni uongo. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2020 kuhusu silaha hizi haukuziita hivyo; ulichagua sifa inayosema kwamba uwezekano wa kuua ni mdogo kuliko wa bunduki ya risasi, basi. Kwa Kiswahili tuseme silaha za hatari pungufu. Pungufu ni neno la kweli: hatari imepunguzwa, haijaondoka.

Dalian Atkinson, aliyewahi kuichezea Aston Villa, alifyatuliwa umeme mfululizo kwa sekunde 33 mjini Telford, Uingereza, mwaka 2016, kisha akapigwa mateke ya kichwa. Alifariki, na mwaka 2021 askari aliyehusika alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Australia, mwaka 2023, bibi wa miaka 95 alipigwa kwa bunduki ya umeme katika makao ya wazee, akaanguka, kichwa kikagonga sakafu, akafa. Wala tusiende mbali. Juni 2025, jijini Nairobi, muuza barakoa asiye na silaha alipigwa risasi ya kichwa kutoka karibu, na taarifa ya polisi wenyewe ilisema bunduki ile ilikuwa ya kutuliza ghasia. Naye alifariki.

Sasa irudishe bunduki ya umeme Kericho. Mchumaji wa majani chai hutoka alfajiri kwenye baridi na umande akiwa na sweta, koti la mvua, gambuti na aproni nzito ya plastiki inayomkinga na matawi. Kishale kinatakiwa kifike mwilini au karibu sana nao. Kikinasa kwenye plastiki inayoning'inia, umeme haufiki, na askari aliyeitegemea hubaki ameshika kitu kisichomsaidia. Kikifika, mtu huanguka kwenye mteremko, pengine juu ya michai iliyopogolewa, ambayo imebaki visiki vyenye ncha. Tena cheche zake zinaweza kuwasha petroli. Mashine inayoteketea shambani, mafuta yamemwagika, umati unazunguka: hapo ndipo mahali pabaya kabisa pa kuifyatua. Na vishale viwili humwangusha mtu mmoja, ilhali mzozo wa mashine ni wa maelfu.

Bado siikatai kabisa. Yuko kijana aliyechanganyikiwa akili, ameshika panga uani, mama yake amepiga simu kituoni, na askari anayefika ana rungu na bunduki ya risasi. Hapo bunduki ya umeme inaweza kumwokoa kijana huyo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 limeshaweka msingi: njia zisizo za nguvu zitangulie, aliyeumizwa atibiwe na jamaa zake waarifiwe, na kifo au jeraha baya liripotiwe kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Silaha hizi huhifadhi ndani yake saa ya kila ufyatuaji na urefu wake. Serikali ikizinunua, kumbukumbu hizo zifunguliwe kwa IPOA tangu siku ya kwanza. Zisipofunguliwa, zisinunuliwe.

Kwa makarani wanaotafsiri mahakamani Kericho na Bomet, kwa maafisa wanaoandika taarifa za mashahidi kituoni, na kwa watangazaji wa redio zetu, ninaomba haya: andikeni bunduki ya umeme pale vishale viliporushwa, andikeni rungu la umeme pale mtu alipobanwa, na mwandike ni sekunde ngapi. Maneno silaha isiyoua yafutwe.