Utabibu wa Mifugo katika Nchi ya Simiyu

Ndugu wanachama, pamba ndiyo iliyotukusanya katika Chama hiki, lakini akiba ya Msukuma tangu zamani ni ng'ombe. Fedha ya pamba huishia zizini, na maradhi yakiingia humo, jasho la misimu mingi hupotea kwa juma moja.

Wazee wetu waliyaona hayo. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki, na njaa ikafuata. Mahali palipohamwa pakaota vichaka, wakaingia mbung'o pamoja na nagana. Katika miaka ya 1920, Bwana C. F. M. Swynnerton alipoongoza vita vya mbung'o huko Shinyanga, silaha kubwa ilikuwa mashoka ya wenyeji waliotoka kwa wingi kufyeka pori.

Dawa ilikuja baadaye. Dakta Walter Plowright na wenzake, huko Muguga, Kenya, walitengeneza chanjo bora ya sotoka mnamo 1960. Lakini chanjo haina miguu. Katika miaka ya 1990, mahali pasipofika daktari, kama Karamoja na kusini mwa Sudan, wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka ya ng'ombe imetoweka ulimwenguni.

Majosho yana historia ya huzuni. Ruzuku ya dawa ya kupe ilipopunguzwa katika miaka ya 1980, majosho mengi nchini yalikauka, na ndigana kali ikazidi kuua ndama. Wako waliojinunulia dawa kila mtu peke yake. Lakini kupe wa jirani hajui mpaka wa malisho.

Juni 2025, hapa Bariadi, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Serikali ilibeba nusu ya gharama ya chanjo ya ng'ombe, mbuzi na kondoo; ya kuku ikatolewa bure. Hiyo ni neema, lakini ruzuku yaweza kukoma, kama ilivyokoma ile ya kwanza.

Basi yatupasa kila chama cha msingi kitenge fungu la fedha kwa josho, kibanio na jokofu la chanjo, na kusomesha kijana wake awe msaidizi wa daktari wa mifugo. Mzani wa pamba tuliusimamia wenyewe. Na josho tulisimamie vivyo hivyo.