Waya Namba Tano na Mkono wa Mvaaji

Anayeingia duka la vifaa vya ujenzi mjini Eldoret kununua waya huulizwa kwanza geji. Seng'enge ya miiba ni geji 16, mabati ni geji 30 au 28, na kadiri namba inavyopanda ndivyo chuma kinavyozidi kuwa chembamba. Mpangilio huo unaoonekana kwenda kinyumenyume una asili yake: waya ulivutwa kwenye chamburo, kile kibamba cha chuma chenye matundu, kila mvuto ukaupunguza unene, na namba ikawa hesabu ya mivuto. Wengi huamini kwamba namba hizo zililetwa na reli na walowezi, na kwamba kabla yao watu wa nyanda hizi walijipamba kwa waya wowote ulioangukia mikononi mwao, pasipo kupima. Ushahidi uliopo unanifanya niamini kinyume chake. Unene wa waya ulikuwa sharti la wavaaji wa bara miongo kadhaa kabla ya mji huu kuwapo, na mfanyabiashara wa pwani aliyelipuuza alijiweka katika hatari ya kubaki na mzigo wake.

Shahidi wa kwanza ni mwandishi wa habari Stanley, ambaye mwaka 1871 alikuwa Unguja akinunua bidhaa za msafara wa kumtafuta mmisionari Livingstone. Hakujua bara lilitaka nini, kwa hiyo aliwauliza wafanyabiashara Waarabu, nao walimpa jibu mahususi: waya namba 5 na 6, ambao yeye mwenyewe aliulinganisha na unene wa waya wa telegrafu. Alishauriwa abebe frasila 10, yaani ratili 350, akaambiwa kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya huhesabiwa kama dhahabu, huku shanga zikiwa sarafu ndogo tu. Jambo la kuzingatia ni mahali chaguo lile lilipotoka. Viwanda vya Uingereza vilikuwa na waya wa kila unene, lakini kati ya namba zote hizo mbili tu ndizo zilizohesabiwa kuwa bora kwa biashara, na aliyezichagua ni mvaaji. Thomson, msafiri mwingine aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884, alikumbana na ukali uleule kwenye shanga: ilibidi watu wake wakae Taveta wakizitunga upya kwa urefu ambao Wamaasai wangeukubali.

Kwa nini unene ulikuwa na umuhimu kiasi hicho? Hesabu ndogo inatosha kujibu. Chukua kigasha chenye mzingo wa sentimita 20 kwa wastani, na nafasi ya sentimita 18 ya kufunikwa kwa waya uliozungushwa bila pengo, kama ilivyokuwa kwa kitindi, bangili ya mzunguko juu ya mzunguko iliyovaliwa na wanawake katika sehemu nyingi za bara. Waya wa shaba ya njano wenye unene wa milimita 5 utahitaji mizunguko 36 na urefu wa karibu mita 7.8, yaani pima nne na mkono mmoja, na uzito wake utakuwa kilo 1.3 hivi. Leta wa milimita 4 na mkono uleule utadai mizunguko 45 na pima nzima ya ziada, ilhali pambo lililokamilika litakuwa na kilo moja tu. Tofauti ya milimita moja, ambayo jicho lingeweza kuikosa kwenye roli lililofungwa, inafichuka pambo linapovaliwa: waya unaisha kabla ya kiwiko, au mzigo unakuwa mwepesi kuliko wa jirani. Katika jamii ambako uzito wa waya mwilini ulikuwa akiba na heshima ya nyumba, mwepesi alikuwa ameibiwa. Mkono wa mwanamke ulikuwa mzani na rula kwa wakati mmoja.

Hapa patakuwa na pingamizi la haki. Mikono haifanani, shibiri ya mtu mrefu si shibiri ya mfupi, na kipimo kinachobadilika na mpimaji kinawezaje kuitwa kipimo? Kwa muuzaji wa nguo hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana pwani mkono, pima na wari vilizua ubishi sokoni. Lakini kupima kwa ajili ya kuuza na kupima kwa ajili ya kuvisha ni kazi mbili tofauti. Bangili inapaswa kulingana na mvaaji mmoja tu, na hakuna chombo kinachomjua kuliko kigasha chake mwenyewe; fundi anayeuchukua mzingo kwa uzi kisha kuusoma kwenye rula ameongeza hatua ambayo yaweza kuzaa kosa. Tena wanaoicheka shibiri wasisahau hali ya Uingereza wakati Stanley ananunua waya wake. Namba 5 ya kiwanda kimoja haikuwa lazima iwe namba 5 ya kingine. Birmingham ilikuwa na geji yake, Lancashire yake, na vurugu hiyo ilidumu mpaka serikali ilipoweka geji moja ya kisheria iliyoanza kutumika mwaka 1884. Bara la Afrika nalo halikuwa geni kwa chamburo. Wahunzi wa Ukambani walivuta waya mwembamba wa mikufu na wa kupambia vigoda kwa kuupitisha matunduni, na huko Ingombe Ilede, Zambia, vyombo vya kuvutia waya vilifukuliwa makaburini pamoja na waya wa shaba, vyote vya karne nyingi kabla ya reli. Tundu la chamburo halibadiliki na mpimaji.

Tukirudi karibu na Eldoret, kesi mashuhuri kuliko zote ni ya waya wa telegrafu. Reli ya Uganda ilipopita pembezoni mwa nchi ya Wanandi mwanzoni mwa karne ya 20, waya wake ulikatwa mara kwa mara na kugeuzwa mapambo. Charles Eliot, aliyekuwa kamishna wa himaya ya Afrika Mashariki, aliandika mwaka 1905 kwamba wizi huo haukumshangaza: fikiria, alisema, reli ya Ulaya ambayo nyaya zake ni mikufu ya lulu na vyuma vyake ni bunduki nzuri za kuwindia. Mfano ni wa kuchekesha, lakini una kasoro, kwa sababu unamfanya Mnandi aonekane mtu aliyepumbazwa na mng'ao. Kumbuka ulinganisho wa Stanley. Unene ambao bara lilikuwa likiulipia kwa pembe za ndovu ndio uliokuwa ukining'inia kwenye nguzo, kilomita baada ya kilomita. Aliyeukata alijua alichokuwa akikikata. Mafundi wa kuutumia walikuwapo pia. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi, anawaeleza wahunzi wenye asili ya Wamaasai wa Uasin Gishu, waliokimbilia kwa Wanandi baada ya kushindwa vitani na Wamaasai wenzao.

Yupo atakayesema kwamba ninapamba wizi, kwani pamoja na waya ziliibwa pia parafujo za reli, ambazo hakuna aliyezivaa sikioni. Ni kweli, na parafujo hizo zinaisaidia hoja. Chuma kizito kilikwenda kwenye silaha, waya ukaenda kwenye mapambo. Kila kitu kilipelekwa mahali ambapo umbo na unene wake ulifaa, jambo lisilowezekana bila kupima, hata kama kupima huko kulikuwa kwa jicho na vidole. Wala sidai kwamba mapambo yalikuwa sababu pekee. Kukata waya wa dola inayoingia nchini kwako kuna maana ya kisiasa, na Waingereza waliielewa hivyo: waliivamia Nandi kwa misafara ya kijeshi mmoja baada ya mwingine, hadi afisa wao Meinertzhagen alipomuua kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, tarehe 19 Oktoba 1905.

Yaliyofuata yalibadilisha kazi ya waya katika uwanda huu. Makaburu wa msafara wa Jansen van Rensburg walifika mwaka 1908, ardhi ikagawanywa kwa namba za wapima ardhi, na posta ikafunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wazee bado wanauita mji Sisibo, yaani "sixty-four" kwa matamshi ya wenyeji. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Waya ukaja kwa maroli ya kuzungushia mashamba, na geji ikahamia kwa mwenye duka. Tangu hapo hesabu ya unene ilionekana kuwa elimu ya mgeni. Nadhani hapo ndipo dhana ya kwamba wenyeji hawakupima ilipopata nguvu: walionunua waya kwa namba walikuwa na risiti, na waliouhukumu kwa kigasha hawakuacha karatasi.

Karatasi zinazokosekana zinaweza kufidiwa na mapambo yenyewe, maana mengi yamo katika makumbusho ya Nairobi na Ulaya. Kadi ya makumbusho kwa kawaida hutoa kimo na upana wa nje wa bangili, vipimo vya kumsaidia mtunza kabati. Vinavyohitajika ni vingine: kipenyo cha ndani mwanzoni na mwishoni, unene wa waya, idadi ya mizunguko, uzito. Mtu akikusanya hivyo kwa bangili za kabla ya 1900 na kukuta waya wa kila unene bila mpango, hoja yangu itaanguka. Akikuta unene unarudiarudia karibu na ule ambao Stanley aliambiwa anunue, huku vipenyo vya ndani vikitofautiana kama mikono ya watu inavyotofautiana, tutajua nani alikuwa akimwamuru nani.