Yerusalemu ilipotolewa bila vita

Vita vya Msalaba husimuliwa kwa damu: mauaji ya 1099, mapigano ya Hattin mwaka 1187, Richard na Salahuddin. Mwaka 1229 hutajwa kwa haraka, pengine kwa sababu hakuna aliyekufa. Mwaka huo Wakristo walipata tena Yerusalemu kwa mazungumzo tu, na waliofanikisha jambo hilo wakatukanwa na watu wao wenyewe.

Upande mmoja alikuwa Kaizari Frederick II, aliyekulia Sisilia, kisiwa kilichokuwa bado na Waislamu wengi. Aliahidi kwenda vitani, akaahirisha mara kwa mara, hadi Papa Gregory IX akamtenga na Kanisa mwaka 1227. Mwaka uliofuata akasafiri hivyo hivyo, akiwa ametengwa, na Papa akazidi kukasirika.

Upande wa pili alikuwa al-Kamil, Sultani wa Misri, mtoto wa ndugu yake Salahuddin. Huyu alikuwa akimhofia ndugu yake, al-Mu'azzam wa Damascus, kuliko Mzungu yeyote. Ndiyo maana alimtuma Amiri Fakhr al-Din kwenda Sisilia kumwita Frederick, kwa ahadi ya kumpa Yerusalemu. Lakini al-Mu'azzam akafariki mwaka 1227. Mgeni akafika haja imekwisha, na jeshi alilokuja nalo lilikuwa dogo.

Wangeweza kupigana. Badala yake wajumbe walikwenda na kurudi miezi kadhaa, na tarehe 18 Februari 1229 mkataba ukafungwa: amani ya miaka 10, Wakristo wapewe Yerusalemu, Bethlehemu na Nazareti, Waislamu wabaki na Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba ya Mwamba. Al-Kamil alikuwa amepiga hesabu zake. Kuta za mji zilikuwa zimebomolewa na al-Mu'azzam mwaka 1219, kwa hiyo alichotoa ni mji ambao angeweza kuuchukua tena siku yoyote atakayo.

Frederick aliingia Yerusalemu mwezi Machi. Hakuna askofu aliyemvika taji, basi ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu akalichukua mwenyewe na kujivika. Wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia kwamba kadhi wa Nablus, aliyepewa kazi ya kumkirimu, aliwazuia waadhini wasiadhini usiku ili mgeni asiudhike. Asubuhi Kaizari akauliza mbona hakusikia kitu. Alipoelezwa, akamwambia kadhi amekosea, kwani moja ya sababu za kulala pale ilikuwa kuisikia adhana. Huenda kisa kimetiwa chumvi, lakini kinafanana na mtu aliyemtumia Sultani maswali ya hisabati.

Patriaki Gerold wa Yerusalemu hakufurahishwa hata kidogo: aliupiga mji marufuku ya ibada, mji uleule ambao Wakristo walikuwa wameulilia kwa zaidi ya miaka 40. Na tarehe 1 Mei, Frederick alipokuwa akienda bandarini Akka alfajiri ili aondoke, wachinjaji wa mtaa wa mabucha walimrushia utumbo na mabaki ya nyama.

Kwa Waislamu hali haikuwa bora. Damascus wakati huo ilikuwa chini ya al-Nasir Dawud, mtoto wa al-Mu'azzam, ambaye al-Kamil alikuwa akitaka kumnyang'anya mji. Al-Nasir akamwomba mhubiri mashuhuri Sibt ibn al-Jawzi azungumze katika Msikiti wa Umawiyya juu ya msiba wa Yerusalemu, na watu wakalia kwa sauti. Machozi yalikuwa ya kweli, ila aliyeyaagiza alikuwa na kiti cha kukilinda.

Mkataba ulipokwisha mwaka 1239, al-Nasir huyo huyo aliuteka mji. Miaka michache baadaye akagombana na mtawala wa Misri, akaungana na Wakristo, na safari hii wakaachiwa hata eneo la Kuba ya Mwamba ambalo al-Kamil alikataa kulitoa. Hawakukaa nalo. Katika kiangazi cha 1244 wapanda farasi wa Khwarazm, walioitwa na Misri, waliingia Yerusalemu na kuwafukuza.