Ezeko la Kasubi

Mnamo mwaka 1882 Kabaka (yaani mfalme) Muteesa wa Kwanza alijenga juu ya kilima cha Kasubi kasri ambalo, alipofariki mwaka 1884, liligeuka kuwa maziara ya wafalme wa Buganda. Na ezeko lake, amana ya ukoo wa Ngeye tangu kale, lilikuwa la nyasi zilizofungwa matita kwa matita, nene hata joto la adhuhuri lisipenye ndani, wala mvua isivume kwa kishindo kile cha mabati. Hakika hiyo ni hekima adhimu, kwani nyasi huota tena, na zikichakaa hurejea udongoni. Lakini moto uliozuka Machi 2010 uliliteketeza ezeko hilo. Waezekaji wakaezeka upya, na mwaka 2023 UNESCO ikayaondoa maziara hayo katika orodha ya turathi zilizo hatarini.