Garissa na Ngazi za Utawala: Kutoka Eneo Lililofungwa hadi Kaunti

Katika karne ya ishirini Garissa ilibadilishiwa jina la utawala mara kadhaa, ilhali mamlaka yenyewe yaliendelea kushuka kutoka juu. Wakati wa Waingereza mji huo ulikuwa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa kwa sheria ya mwaka 1902, ambamo mgeni hakuingia bila kibali, na ambamo mkuu wa wilaya aliunganisha kazi za utawala na za uhakimu.

Katiba ya mwaka 1963 ilileta majimbo, yaani mikoa yenye mabunge yake na madaraka yanayolindwa na katiba, na Kaskazini Mashariki ikawa jimbo la saba. Hata hivyo, Wasomali wengi waliotaka kuungana na Somalia walisusia uchaguzi wa mwaka huo, na tarehe 28 Desemba serikali ikatangaza hali ya hatari, ambayo sheria zake zilidumu hadi mwaka 1991. Majimbo yenyewe yalifutwa nchini kote Kenya ilipokuwa jamhuri, Desemba 1964.

Yaliyofuata ni mkoa wenye wilaya za Garissa, Wajir na Mandera, ambao makao yake makuu yalikuwa Garissa. Mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mkuu wa tarafa, chifu na naibu wake wote walikuwa watumishi wa serikali kuu, huku mabaraza ya madiwani waliochaguliwa yakifanya kazi chini ya uangalizi wa waziri aliyekaa Nairobi.

Nchi jirani zilipanga ngazi hizo kwa namna nyingine. Tanzania Bara, mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, lakini diwani wa kata na mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa. Serikali za mitaa zilizovunjwa mwaka 1972 zilirejeshwa katika miaka ya 1980. Uganda ina mabaraza ya ngazi tano, kuanzia kijiji hadi wilaya, na mwenyekiti wa wilaya huchaguliwa na wananchi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47 na kuzitengea kwa pamoja angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kuanzia uchaguzi wa Machi 2013 Garissa imekuwa na gavana na wawakilishi wa wadi waliopigiwa kura na wakazi wake. Ngazi ya zamani haikutoweka, kwa kuwa kamishna wa kaunti na machifu bado wanaiwakilisha serikali kuu, hivyo mwananchi anaishi chini ya safu mbili zinazofanya kazi sambamba. Tofauti kubwa na mkoa wa zamani ni kwamba gavana ana bajeti, na mpiga kura ana uwezo wa kumwondoa; bila mambo hayo mawili, kaunti ingekuwa mkoa uliopewa jina jipya.