Ahadi ni Deni: Mji wa Beira na Fedha za Kukabili Mafuriko

Katika mji wa Beira, katikati ya pwani ya Msumbiji, lipo kanisa kuu la Wakatoliki lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mawe yaliyotumika kulijenga yalitolewa katika ngome ya Sofala, iliyokuwa upande wa kusini. Jina la Sofala halipaswi kuwa geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Hiyo ilikuwa bandari mashuhuri ya Waswahili, ambako dhahabu ya bara ilipakiwa vyomboni na kupelekwa Kilwa. Wareno waliitamani biashara hiyo, wakaanza kujenga ngome yao hapo mwaka 1505. Leo ngome haipo. Bahari iliula ufuo mwaka baada ya mwaka, watu wakachukua mawe, na mahali iliposimama pakamezwa na maji.

Nimeanza na mawe hayo ili tukumbuke kwamba pwani hiyo imekuwa ikishindana na bahari tangu zamani. Jambo jipya ni ukubwa wa mashindano yenyewe, na swali la nani anayapa gharama. Katika somo la leo nitakueleza historia ya Beira ili tujibu pamoja swali la uraia: fedha za umma za kuwalinda watu wa pwani na wa kandokando ya mito hutolewa lini, na nani huamua?

Kwanza tulielewe neno moja. Siku hizi viongozi husema sana juu ya "ustahimilivu wa tabianchi". Maana yake ni uwezo wa jamii kupigwa na dhoruba, mafuriko au ukame na bado ikasimama. Ustahimilivu si moyo wa subira peke yake. Ni mfereji uliozibuliwa, ni msitu wa mikoko uliohifadhiwa, ni paa lililofungwa vizuri, ni king'ora kinacholia kwa wakati. Kila kimoja kina bei yake.

Mji uliojengwa kwa ajili ya meli

Beira ilianzishwa na Wareno mwaka 1887, karibu na mahali ambapo mito ya Pungwe na Buzi huingia baharini. Kuanzia mwaka 1891 hadi 1942 eneo lote la Manica na Sofala lilikabidhiwa Kampuni ya Msumbiji, iliyotawala kwa hati ya mfalme wa Ureno na kwa mtaji uliotoka kwa sehemu kubwa ng'ambo. Kampuni ilitaka bandari, na ilitaka reli ya kufikia nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Kwa hiyo mahali pa mji palichaguliwa kwa faida ya meli na mizigo.

Ardhi ya hapo ilikuwa kinamasi. Sehemu kubwa ya mji iko chini ya kimo cha maji ya bahari yanapojaa. Fikiri maana yake. Mvua kubwa ikinyesha wakati bahari imejaa, maji hayana pa kwenda. Hayana budi kusubiri bahari ipwe. Ndiyo maana Beira haiwezi kuishi bila mifereji yenye milango, inayofungwa bahari inapojaa na kufunguliwa inapokupwa. Wazungu walijenga nyumba zao katika sehemu zenye nafuu, karibu na ufuo, na Waafrika wengi wakaishia mabondeni, katika mitaa kama Munhava, ambako maji hukaa kwa siku nyingi.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Muda si mrefu vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, vikadumu hadi mwaka 1992. Katika miaka hiyo watu wengi walikimbilia mijini, na mifereji ikaziba kwa mchanga na taka. Mfereji ulioziba haupigi kelele kama daraja lililoanguka, na hakuna waziri anayekata utepe kwa sababu mfereji umezibuliwa. Basi matengenezo yakawa yanaahirishwa.

Somo la mwaka 2000

Mwezi wa Februari na Machi mwaka 2000, mito ya kusini na katikati ya Msumbiji, ikiwamo Limpopo na Save, ilifurika kupita kiasi. Kimbunga Eline kilipiga pwani tarehe 22 Februari na kuongeza maji juu ya maji. Takriban watu 700 walikufa. Wengi waliokolewa kwa helikopta kutoka juu ya miti na mapaa. Picha hizo zilizunguka dunia, na mwezi wa Mei mwaka huohuo wafadhili walikutana Roma na kuahidi takriban dola milioni 450 kwa ajili ya kuijenga upya nchi.

Katika miaka iliyofuata, Msumbiji ilifanya jambo la kusifiwa. Taasisi ya taifa ya kushughulikia maafa, iliyokuwa imeundwa mwaka 1999, iliimarishwa. Kamati za wanavijiji zikaundwa katika maeneo ya hatari. Katika bonde la mto Buzi, wanavijiji walifundishwa kusoma vipimo vya mvua na vya kina cha mto, kisha kupeleka habari kwa redio kwa wenzao walio chini ya mto. Kwa vimbunga, bendera za rangi zilipandishwa ili hata asiyejua kusoma ajue kwamba hatari inakaribia. Vitu hivi havigharimu fedha nyingi, bali vinahitaji fedha kidogo kila mwaka bila kukosa. Mtoa taarifa aliyekosa betri ya redio ni sawa na asiyekuwapo.

Beira nayo ilianza kuziba ufa wake. Meya wake, Daviz Simango, aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 2003, alilifanya suala la maji kuwa ajenda ya mji. Kwa fedha za Benki ya Dunia, kilomita 11 za mifereji zilikarabatiwa, milango ya kudhibiti maji ikawekwa na bwawa kubwa la kupokea maji ya mvua likachimbwa. Kwa msaada wa Ujerumani, mto Chiveve unaopita katikati ya mji ulizibuliwa, mikoko ikapandwa kandokando yake. Kazi kubwa ya mifereji ilikamilika mwaka 2018.

Usiku wa Idai

Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Machi 2019, Kimbunga Idai kiliipiga Beira. Upepo uling'oa mapaa ya mabati, ukakata umeme na mawasiliano. Siku zilizofuata mito ya Pungwe na Buzi ilivunja kingo, na bara likageuka kuwa ziwa. Nchini Msumbiji peke yake watu zaidi ya 600 walipoteza maisha. Wengine mamia walikufa Zimbabwe, na makumi nchini Malawi. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Aprili, Kimbunga Kenneth kikapiga mkoa wa Cabo Delgado, kwenye visiwa na miji ambako Kimwani na Kiswahili husikika hadi leo.

Je, mifereji ilisaidia? Ndiyo, kwa kazi iliyojengewa. Katika mitaa iliyohudumiwa na mifereji hiyo, maji ya mvua yalipata njia ya kutoka. Lakini mfereji hauzuii upepo, na kilomita 11 haziwezi kuhudumia mji wa watu zaidi ya nusu milioni. Vilevile vipimo vya mto Buzi havikutosha mbele ya mafuriko ya ukubwa ule. Historia haituambii kwamba maandalizi huondoa maafa yote. Inatuambia kwamba pale fedha ilipotangulia, hasara ilipungua, na pale isipotangulia, watu walilipa kwa nyumba na kwa roho zao.

Hesabu ya bilioni mbili

Sasa, msomaji, chukua kalamu. Baada ya vimbunga hivyo viwili, serikali na washirika wake walikadiria kwamba kuijenga upya nchi kungehitaji dola bilioni 3.2. Tarehe 31 Mei na 1 Juni 2019 ulifanyika mkutano wa wafadhili hapohapo Beira. Ahadi zilizotolewa zilifikia dola bilioni 1.2. Pengo lilikuwa dola bilioni 2. Kabla ya hapo, mwezi wa Aprili, Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limeipa Msumbiji dola milioni 118.2. Fedha hizo hazikuwa zawadi. Zilikuwa mkopo, usio na riba lakini wa kulipwa. Nchi iliyochangia sehemu ndogo mno ya moshi unaoipasha dunia joto ilikopa ili kujitibu jeraha.

Ukomee hapo, utasema dunia imeionea Msumbiji, na utakuwa umesema kweli. Lakini ni nusu ya kweli.

Kati ya mwaka 2013 na 2014, kampuni tatu zilizohusiana na dola zilikopa takriban dola bilioni 2 kutoka benki za nje, kwa madai ya kuvua samaki jodari na kulinda pwani. Serikali iliweka dhamana, lakini Bunge halikuidhinisha, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilifichwa hadi mwaka 2016. Ilipofichuka, wafadhili walisimamisha msaada wao kwa bajeti ya serikali na uchumi ukayumba. Baraza la Katiba la Msumbiji baadaye lilitamka kwamba dhamana hizo ni batili, lakini wakati huo wananchi walikuwa wameshaumia.

Tazama tarakimu hizo mbili tena. Pengo la kuijenga nchi baada ya vimbunga lilikuwa dola bilioni 2. Mikopo ambayo Bunge halikuidhinisha ilikuwa takriban dola bilioni 2. Simaanishi kwamba bila deni hilo fedha zote zingekwenda kwenye mifereji; hakuna ajuaye hivyo. Namaanisha kwamba kimbunga kilipofika kiliikuta nchi ambayo hazina yake na sifa yake mbele ya wakopeshaji vilikuwa vimeshadhoofishwa, na si kwa upepo.

Nani anadaiwa?

Wahenga walisema ahadi ni deni, wakimaanisha kwamba aliyeahidi ndiye mdaiwa. Katika habari ya Beira mambo yamegeuka: walioahidi walirudi kwao, na deni likabaki kwa walioahidiwa. Kwa upande wa mataifa tajiri, hoja hii imeanza kusikika. Mwaka 2022, katika mkutano wa tabianchi uliofanyika Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubali kuunda mfuko wa hasara na uharibifu, na mwaka 2023 huko Dubai mfuko huo ukaanza kupokea ahadi. Nchi zetu zina haki ya kudai fedha hizo ziwe ruzuku badala ya mikopo.

Lakini haki ya kudai nje huenda pamoja na wajibu wa kuhesabu ndani. Zingatia tofauti ya fedha za kabla na fedha za baada ya maafa. Fedha za kabla hupita katika bajeti: diwani au mbunge anaweza kuulizwa, mkaguzi wa hesabu anaweza kuzifuata, nawe unaweza kwenda kuutazama mfereji kwa macho yako. Fedha za baada ya maafa huja kwa haraka, zikiamuliwa katika kumbi za mikutano ambamo mkazi wa Munhava hana kiti. Ndiyo sababu nasema kwamba fedha za kuzuia maafa si suala la uhandisi tu. Ni suala la nani ana sauti. Msumbiji yenyewe ilielekea huko ilipounda, mwaka 2017, mfuko maalumu wa kushughulikia maafa, ili fedha iwepo kabla mawingu hayajakusanyika.

Nawe unaishi wapi, msomaji? Pengine ni kando ya ziwa linalopanda, au bondeni chini ya mlima, au kwenye pwani ambayo mikoko yake inakatwa. Usisubiri mvua ndipo uulize. Kabla ya somo lijalo, jaribu kujibu maswali haya matatu kwa Kiswahili sanifu, ukiwauliza wazee na viongozi wa mtaa wako.

Kwanza, mara ya mwisho maji yalipoingia katika makazi ya watu wa kwenu ilikuwa mwaka gani, na nani alilipa gharama ya kurekebisha?

Pili, katika bajeti ya mwaka huu ya halmashauri au wilaya yako, ni kiasi gani kimetengwa kwa mifereji, kingo za mito au mikoko, na kimetumika kiasi gani?

Tatu, ikiwa serikali yako imekopa kwa jina la kukulinda, ni kikao gani cha wawakilishi wako kilichoidhinisha mkopo huo?

Ukikosa jibu la swali lolote, liandike hivyo hivyo, pamoja na cheo cha uliyemuuliza na tarehe. Karatasi hiyo nayo ni sehemu ya historia ya mahali pako, na mwenye kuisoma miaka 20 ijayo atajua kwamba kulikuwa na mtu aliyeuliza kabla maji hayajafika.